Kriketi ya Siku Tano Isiachwe Ikafa

Mwezi Machi 1939, mjini Durban, timu za Uingereza na Afrika Kusini zilikutana katika mechi ya kriketi isiyokuwa na kikomo cha siku. Ilikubaliwa ichezwe mpaka apatikane mshindi. Siku kumi zikapita, moja ikimezwa na mvua. Uingereza ilitakiwa ipate mikimbio 696 ili ishinde. Ilikwisha pata 654, na wapigaji wake watano tu ndio waliokuwa wametolewa. Ilibaki mikimbio 42. Lakini meli ya kuwarudisha makwao ilikuwa Cape Town, na garimoshi la kuwafikisha huko halikuweza kungoja. Mechi ikavunjwa bila ya mshindi.

Sisi wakazi wa visiwani, tunaojua vyema kuwa chombo hakimngoji abiria, hatuwezi kuwalaumu wachezaji wale. Baada ya hapo mechi za namna hiyo, ambazo huitwa Test, zilikatiwa muda, na leo muda wake ni siku tano. Hata hivyo swali la muda halikwisha. Sasa linaulizwa kwa ukali zaidi: katika dunia hii ya pupa, nani mwenye siku tano za kutazama mchezo mmoja? Je, kriketi ndefu itaendelea kupendwa, au itabaki kuwa hadithi ya wazee?

Huenda msomaji akashangaa kuona safu hii ikijishughulisha na jambo hilo, maana kriketi si mchezo wa wengi hapa kwetu. Tunazo sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa mchezo huu si mgeni. Siku za ukoloni ulichezwa katika viwanja vya Mnazi Mmoja, na wako wazee wanaoukumbuka. Ya pili, na ndiyo kubwa, ni kuwa miongoni mwa wanaotishiwa zaidi na mabadiliko haya ni watu wa visiwa vidogo kama sisi.

Kwa faida ya wasioufahamu, kila timu hupewa zamu mbili za kupiga, na kila siku hurushwa ova 90, yaani mipira 540. Katika siku hizo tano mpira huchakaa, ardhi ya kuchezea hukauka na kupasuka, mawingu huja na kuondoka, na mrushaji ambaye hakuwa na la kufanya siku ya kwanza huwa ndiye mwenye enzi siku ya tano. Aliyeaibika katika zamu ya kwanza hupewa ya pili ajisafishe. Aliyezidiwa hadi hawezi tena kushinda bado anayo njia ya heshima: kusimama imara hadi jua la mwisho litue, mechi iishe sare. Mcheza bao atalielewa jambo hili upesi kuliko mtu mwingine yeyote. Kete moja iliyowekwa mapema na kusahauliwa na watazamaji ndiyo humaliza mchezo baadaye, na hapana mjuzi wa bao aliyewahi kutaka mchezo ufupishwe ili watu wawahi kuondoka barazani.

Hapana waliojifunza thamani ya mchezo huu kuliko watu wa West Indies. Jamaica, Barbados, Trinidad na Tobago, Antigua na vinginevyo, pamoja na Guyana iliyo katika bara la Amerika ya Kusini, hawana serikali moja wala bendera moja. Timu moja wanayo, nayo ni ya kriketi. Ilianza kucheza mechi za Test mwaka 1928. Mwaka 1950 iliishinda Uingereza katika uwanja wa Lord's, mjini London, kwa mara ya kwanza katika nchi ya watawala wao. Watu weusi walingoja hadi mwaka 1960 kumwona mmoja wao, Frank Worrell, akikabidhiwa unahodha kwa msafara mzima. Kutoka mwaka 1980 hadi 1995 timu hiyo haikushindwa katika msururu wowote wa Test, na mwaka 1984 iliwashinda Waingereza kwao mechi tano kwa tano. Tunapoambiwa kuwa huu ni mchezo wa mabwana uliopitwa na wakati, na tuwakumbuke waliopewa mchezo huo kama watumishi wakaugeuza kuwa hati yao ya uhuru.

Ni nini basi kilichoharibika? Mwaka 2003 Uingereza ilianzisha mashindano ya vilabu ya ova 20 kwa kila upande, mechi inayokwisha kwa muda wa saa tatu hivi. Mwaka 2007 lilichezwa Kombe la Dunia la aina hiyo, India ikashinda, na mwaka uliofuata India ikaanzisha ligi yake. Mwaka 2022 haki za kuionyesha ligi hiyo kwa miaka mitano ziliuzwa kwa zaidi ya dola bilioni 6 za Kimarekani. Hatuwalaumu wachezaji. Kijana mwenye wazazi wa kulea, akitakiwa kuchagua baina ya majuma machache yenye malipo makubwa na miezi ya safari yenye malipo haba, hana kosa akichagua riziki. Wala hatuidharau kriketi fupi. Ndiyo iliyowapeleka majirani zetu wa Uganda kwenye Kombe la Dunia mwaka 2024, wakaishinda Papua New Guinea huko Guyana.

Lakini ni lazima tuseme kuwa aina moja isifanywe kaburi la nyingine. Februari 2024 Afrika Kusini ilipeleka New Zealand timu ya Test iliyoongozwa na nahodha ambaye hakuwahi kucheza Test hata moja, kwa kuwa wachezaji wake wakubwa walibakishwa nyumbani kwa ajili ya ligi ya ova 20. Ilishindwa mechi zote mbili. Jambo la ajabu ni kuwa nchi hiyohiyo, Juni 2025, iliishinda Australia huko Lord's na kuwa bingwa wa dunia wa Test. Na mabingwa hao, katika kiangazi chao kilichofuata, hawakupangiwa hata mechi moja ya Test nyumbani.

Wako wanaojibu kuwa hayo ndiyo matakwa ya watazamaji. Sisi hatukubali. Desemba 2024, Australia na India zilipokutana Melbourne, waliohudhuria kwa siku zote tano walikuwa 373,691, idadi ambayo uwanja ule haukupata kuiona katika mechi yoyote ya Test. Mwaka 2025 India ilicheza mechi tano Uingereza. Zote zilifika siku ya tano, na ya mwisho India ilishinda kwa mikimbio sita tu. Watu hawajauchoka mchezo. Kinachowachosha ni mashindano yasiyo na usawa.

Tutazame Januari 2024, mjini Brisbane. Shamar Joseph, kijana wa kijiji cha Baracara huko Guyana, kijiji kinachofikiwa kwa mashua, ambaye muda si mrefu kabla ya hapo alikuwa mlinzi wa zamu, alipigwa na mpira kidoleni mguuni akatoka uwanjani akichechemea. Siku ya pili yake alirudi. Australia, ikiwa nyumbani, ilitafuta mikimbio 216. Joseph akawatoa wapigaji saba, na West Indies ikashinda kwa mikimbio minane. Tangu mwaka 1997 haikuwa imeshinda Test katika nchi ile. Kriketi ya saa tatu isingempa kijana yule usiku wa kuuguza kidole chake na asubuhi ya kurejea. Lakini Julai 2025, mjini Kingston, timu hiyohiyo ilitolewa yote kwa mikimbio 27 mbele ya watu wake. Kipaji kipo, kinachokosekana ni matunzo.

Tunao pia mfano wa karibu. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi ya siku moja, jambo lililoshangaza dunia. Haikupewa daraja la Test, na migogoro ya uongozi ikaingia. Kufika mwaka 2014 ilikwisha poteza hata hadhi yake katika mechi za kimataifa za siku moja. Mti usio na mizizi mirefu huangushwa na upepo wa kwanza.

Maoni yetu ni haya. Kwanza, mwenye uwanja asichukue peke yake fedha za matangazo. Mgeni agawiwe sehemu, kwani bila ya mgeni hakuna mchezo. Mwezi Mei 2025 Uingereza iliilipa Zimbabwe kwa kuja kucheza Test, na hilo lingefanywa kuwa kanuni badala ya hisani. Pili, kalenda iwe na miezi ya Test ambayo ligi haziruhusiwi kuigusa. Tatu, rai ya kuzigawa nchi 12 zenye daraja la Test katika makundi mawili isitumiwe kuwafungia mlango wadogo. Wakubwa watatu, yaani India, Uingereza na Australia, wakibaki kuchezeana wenyewe kwa wenyewe, watajaza viwanja kwa miaka michache, kisha watachokana.

Kwa viongozi wetu hapa tunalo neno moja. Mambo mengi yenye manufaa ya kudumu hayaonyeshi faida kwa haraka: kiwanja cha wazi, saa ya michezo shuleni, mwalimu anayekaa na watoto mwaka hadi mwaka. Kiwanja kisihesabiwe kuwa ni ardhi iliyokaa bure kwa sababu tu hakuna aliyejenga juu yake. Mnazi Mmoja umewalea wachezaji wa kila namna kwa kuwa waliotutangulia waliuacha wazi.

Kriketi ya siku tano itadumu ikiwa wenye nguvu watakubali kupunguza pato lao kidogo ili wenzao waishi. Mapenzi ya watu yapo, tumeyaona Melbourne na Brisbane. Uamuzi ndio unaosubiriwa, na wanaoweza kuutoa wanajulikana.