Rubaya: Siku za kushika mimba hazihesabiwi kwa kukisia

Vita vinapofunga barabara, vidonge na sindano za kupanga uzazi vinaweza kukosekana vituoni. Wanawake wa Rubaya, mji wa coltan wilayani Masisi ulio mikononi mwa M23 tangu mwisho wa Aprili 2024, wanaijua hatari hiyo. Kuzijua ishara za mwili kunaweza kuwasaidia, mradi wajue pia mipaka yake.

Kosa la kwanza ni la hesabu. Wengi huambiwa kwamba yai hutoka siku ya 14. Hiyo ni makadirio kwa mwenye mzunguko wa siku 28 tu. Yai hutoka karibu wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata. Kwa mzunguko wa siku 35, ni karibu siku ya 21. Siku ya kwanza ni ile damu inapoanza.

Yai huishi masaa 12 hadi 24, lakini mbegu za mwanaume huweza kungoja ndani ya mwili hadi siku tano. Ndiyo maana siku za kushika mimba ni karibu sita: tano kabla ya yai kutoka, na siku yenyewe.

Ishara iliyo wazi zaidi ni ute wa ukeni. Baada ya hedhi huwa mchache. Yai likikaribia kutoka huwa mwepesi, wa kuteleza, na huvutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi la kuku. Ukiwa na harufu mbaya au mwasho, huo ni ugonjwa. Mama aende kituo cha afya.

Joto la mwili pia hupanda kidogo, lakini yai likiisha kutoka. Hupimwa asubuhi kabla ya kutoka kitandani, na homa ya malaria huvuruga kipimo hicho.

Kuna pia kolye ya shanga 32, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani. Shanga nyeupe huonyesha siku ya 8 hadi ya 19, ambazo wasiotaka mimba hujizuia au hutumia kondomu. Inawafaa wenye mzunguko wa siku 26 hadi 32. Kwa matumizi ya kawaida, karibu wanawake 12 kati ya 100 hushika mimba ndani ya mwaka mmoja; wakiifuata sawasawa, ni chini ya 5.

Lakini njaa, hofu na kukimbia vita huweza kuchelewesha yai. Wanaonyonyesha na wasichana walioanza hedhi karibuni wasitegemee hesabu pekee. Tena njia hii ni ya watu wawili: mchimbaji akirudi kutoka mashimoni na kukataa kungoja, shanga hazimsaidii mke wake. Wala haizuii UKIMWI.

Aliyebakwa asihesabu siku. Atafute matibabu upesi: dawa ya kuzuia virusi huanzwa ndani ya masaa 72, na ya kuzuia mimba hutumiwa ndani ya siku tano.

Kwa wanaotafuta mtoto, siku za ute wa kuvutika ndizo za kukutana. Mwaka ukipita bila mimba, waende kwa muganga wote wawili, kwani tatizo laweza kuwa la mume pia.