Nani Anatawala Marekani?



Kila siku redioni tunasikia Rais wa Marekani amesema hivi, ameamuru vile. Juzi mzee mmoja wa darasa letu la kisomo aliniuliza, "Mwalimu, huyu Rais si kama mfalme tu?" Nilimjibu kwa haraka maana mvua ilikuwa inakuja. Leo nataka nimjibu vizuri.

Watu walioanzisha nchi ile waligombana na mfalme. Walikuwa chini ya Uingereza. Walitozwa kodi na Bunge la London, na wao hawakuwa na mjumbe hata mmoja humo. Mwaka 1776 walitangaza uhuru, wakapigana vita mpaka 1783. Mwaka 1787 wajumbe wao walikutana katika mji wa Philadelphia, wakaandika Katiba kwa mkono kwenye kurasa nne kubwa za ngozi. Katiba hiyo hiyo ndiyo inayotumika hadi leo. Imeongezwa marekebisho 27 tu.

Wajumbe wale waliogopa mtu mmoja kushika kila kitu. Basi wakagawa kazi. Bunge linatunga sheria, Rais anazitekeleza, Mahakama inaamua panapotokea ubishi.

Bunge lao lina mabaraza mawili. Baraza la Wawakilishi lina watu 435, na jimbo lenye watu wengi hupata viti vingi. Seneti ina watu 100, wawili kila jimbo, liwe kubwa liwe dogo. Sheria lazima ipite kote kuwili, ndipo iende kwa Rais. Akiikataa anairudisha. Lakini theluthi mbili ya kila baraza wakisema ndiyo, inakuwa sheria hata kama yeye amenuna. Fedha za serikali nazo hazitumiki bila Bunge kukubali.

Mahakama ya Juu ina majaji tisa. Rais anawateua, Seneti inawakubali au inawakataa. Wakishaingia, hakuna Rais anayeweza kuwafukuza, hata yule aliyewateua. Rais Nixon aliyajua hayo mwaka 1974. Majaji wanane walimwamuru atoe kanda zenye sauti yake, zilizokuwa ushahidi wa mambo aliyotaka kuyaficha. Watatu kati yao aliwateua yeye mwenyewe! Haukupita mwezi, akajiuzulu.

Sasa tuje kwenye majimbo. Yako 50, na kila moja lina gavana wake, bunge lake, mahakama zake na polisi wake. Shule, ndoa, hata utaratibu wa kupiga kura, kwa sehemu kubwa ni mambo ya jimbo. Hapa ndipo palipoleta machungu, na habari hii inatuhusu sana sisi watu wa kisomo.

Katiba ile ilipoandikwa, watu weusi wengi walikuwa watumwa. Katika majimbo kadhaa ya kusini ilikuwa kosa kumfundisha mtumwa kusoma. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865. Mwaka 1870 Katiba ikaongezwa maneno kwamba mtu asinyimwe kura kwa ajili ya rangi yake. Je, majimbo ya kusini yalifanyaje? Yaliweka mtihani wa kusoma. Unakwenda kujiandikisha, karani anakupa kipande cha sheria, anasema soma, halafu eleza maana yake. Karani peke yake ndiye anayeamua kama umefaulu. Mweusi aliyesoma sana aliweza kuangushwa, na mweupe asiyejua kusoma akapitishwa. Fikiri, ndugu: kwanza unakatazwa kusoma, kisha unanyimwa kura kwa kuwa hujui kusoma.

Katika kisiwa cha Johns, jimbo la South Carolina, alikuwako dereva wa basi aitwaye Esau Jenkins. Abiria wake walitaka kujua kusoma ili wajiandikishe. Mwezi wa Januari 1957 darasa lilifunguliwa nyuma ya duka la ushirika. Mwalimu wake, Bernice Robinson, hakuwa mwalimu wa chuo kama mimi. Alikuwa mtengeneza nywele. Wanafunzi wake watu wazima walijifunza kuandika majina yao, kujaza fomu, na kusoma sheria ya uchaguzi ya jimbo lao. Madarasa kama hayo yakaenea kusini kote.

Mwezi wa Machi 1965 watu waliandamana huko Selma, jimbo la Alabama, wakidai kura. Polisi wa jimbo waliwapiga kwa virungu, na nchi nzima ikaona kwenye televisheni. Bunge likapitisha sheria ya haki ya kupiga kura, Rais Johnson akaitia sahihi Agosti 6 mwaka ule. Sheria ilisimamisha mitihani ya kusoma katika majimbo yenye sifa mbaya. South Carolina ikakimbilia Mahakama ya Juu, ikasema serikali kuu inaingilia mambo yake. Mwaka 1966 majaji wakaikatalia.

Lakini Mahakama hiyo hiyo, mwaka 2013, kwa kura tano kwa nne, iliivunja nguvu sehemu moja ya sheria ile. Ni ile iliyoyalazimisha majimbo fulani kuomba ruhusa kwanza Washington kabla ya kubadili utaratibu wa kura. Wengine walifurahi, wengine wanalalamika hadi leo. Marufuku ya mtihani wa kusoma, ambayo Bunge liliifanya ya kudumu kwa nchi nzima mwaka 1975, haikuguswa.