Mchagua Ndoano Ndiye Mvuvi

Wahenga walituambia kwamba mchagua jembe si mkulima. Kauli hiyo tunaiheshimu, lakini mipaka yake ni ufukoni. Mkulima hulima ardhi anayoiona. Mvuvi hutafuta riziki katika maji ambayo chini yake haoni, na kinachomwakilisha huko ni mshipi, ndoano na chambo alivyovichagua kabla ya kung'oa nanga. Baharini, mchagua ndoano ndiye mvuvi.

Huenda msomaji wa visiwani akashangaa kwamba maneno haya yanatoka Tabata, mahali pasipo na bandari wala ngalawa. Tunamjibu kwamba sisi nasi tumefungamana na bahari kwa njia mbili. Kwanza, mto Msimbazi unaopita ubavuni mwetu huteremka hadi daraja la Salenda na kumwaga tope letu katika Bahari ya Hindi. Pili, kila jioni mama zetu wakaanga samaki hupanga kando ya barabara samaki waliotoka soko la Feri, nasi hununua. Tope letu na fedha zetu, vyote huishia baharini.

Tuanze na chambo. Samaki wa maji ya karibu hawali kwa kubahatisha. Kolekole na nguru hufuata makundi ya dagaa na vibua. Changu hutafuta kaa na uduvi mchangani. Basi chambo, kiwe cha nyama au cha bandia, sharti kifanane na chakula cha samaki yule, mahali pale na saa ile: kwanza kwa ukubwa na mwendo, kisha kwa rangi. Maji yakiwa maangavu, chambo chembamba cheupe au cha rangi ya mchanga chatosha. Baada ya masika, mito inapotia tope, hutakiwa chambo kikubwa zaidi, cheusi au chenye kung'aa, ili samaki akitambue.

Wapo wavuvi wetu wanaofunga manyoya ya kuku au nyuzi zing'aazo kwenye ndoano na kuiburura nyuma ya chombo. Wenzetu wa ng'ambo wameufanya ufundi kama huo kuwa elimu kamili. Ndoano hiyo ya manyoya wao huiita nzi, kwa kuwa hapo mwanzo ilikusudiwa kumwiga mdudu wa mtoni. Nzi huyo ni mwepesi mno, hawezi kurushwa kwa uzito wake mwenyewe. Hubebwa na mshipi, ambao ni mnene na mzito, na hupigwa kama mjeledi kwa fimbo ya futi 9 hivi. Mishipi hiyo hupimwa kwa namba: namba 8 kwa samaki wa wastani wa maji mafupi, namba 10 penye upepo, namba 12 kwa kolekole mkubwa. Katika miaka ya 1980, Mmarekani Bob Clouser alibuni nzi mwenye macho mawili ya risasi yaliyofungwa karibu na kichwa cha ndoano. Uzito huo humgeuza nzi, ncha ikatazama juu. Faida yake juu ya mwamba ni dhahiri: ndoano haikwami ovyo, wala tumbawe halivunjwi.

Yanabaki mambo madogo yenye uzito mkubwa. Mzia na nguru wana meno makali, kwa hiyo kipande kifupi cha waya mbele ya ndoano ni lazima. Lakini changu ni mwoga, waya humfukuza, naye atakiwa nailoni nyembamba. Ndoano kubwa humwacha mtoto wa samaki akue. Na zana zote zioshwe kwa maji baridi kila jioni, maana chumvi haina huruma.

Kwa nini tunasisitiza uchaguzi huu? Kwa sababu mwenye ndoano humchagua samaki, na mwenye baruti hachagui. Baruti huua mkubwa na mdogo, na kuubomoa mwamba uliokuwa nyumba yao. Uvuvi huo ulipigwa marufuku nchini tangu mwaka 1970. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa mwaka 2015 kwa vyombo vya kusikilizia chini ya maji, katika safari ya mwezi mmoja hivi kando ya pwani yetu, ulinasa milipuko 318, na kiasi cha asilimia 62 yake ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Yaani karibu na masoko yetu. Msako mkali uliofuata uliipunguza sana milipuko, na waliousimamia wanastahili pongezi. Lakini kilichopungua kwa msako huweza kurudi msako ukilala.

Hivyo tunasema na watu wa aina tatu. Ndugu wa visiwani wakumbuke kwamba mwamba ukishavunjwa, mjukuu atarithi kifusi. Viongozi wenye dhamana ya uvuvi hawana budi kulinda maeneo yaliyotengwa, kama Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, yaliyotangazwa hifadhi mwaka 1975. Lakini kumnyang'anya kijana zana haramu bila kumwonyesha iliyo halali, na namna ya kuipata, ni kumrudisha gizani. Darasa la ndoano na chambo ni kazi ya serikali sawasawa na doria.

Wa tatu ni sisi wanunuzi wa Tabata. Samaki wa baruti hujulikana akipasuliwa: mifupa imevunjika, damu imevilia tumboni, nyama imelegea. Tukimkataa, muuzaji atamkataa, na mwisho mvuvi naye atamkataa. Mvuvi achague ndoano yake kule pwani. Nasi tuchague samaki wetu huku bara. Kazi ni moja.