Kodi Nafuu Isiwaponze Watoto

Je, umehamishwa kikazi Mombasa na watafuta nyumba ya kodi nafuu Likoni, Kisauni au Changamwe? Kabla ya kulipa, chunguza mambo matatu.

Kwanza ni maji. Mifereji hukauka mara kwa mara, na wengi hutegemea visima. Kisima kilicho karibu na choo cha shimo chaweza kuleta kipindupindu. Maji ya kunywa yachemshwe.

Pili ni hewa. Huko Owino Uhuru, Mikindani, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kati ya 2007 na 2014 kiliwadhuru wakazi, hasa watoto, kwa sumu ya risasi. Waulize majirani kuhusu viwanda.

Tatu ni matibabu. Kwa mkazi wa Likoni, Hospitali Kuu ya Pwani iko ng'ambo ya feri. Ijue mapema zahanati iliyo karibu, mtoto asije akazidiwa usiku.