Mboji iliyobaki uani: usiitupe, lakini usiiamini upesi

Nyuma ya jiko letu hapa Bububu lilikaa polo moja la mboji tangu masika ya mwaka jana. Nilinunua matatu. Mawili niliyatumia, la tatu likasahauliwa ukutani, mdomo wazi, likinyeshewa na kupigwa jua. Vuli ilipokaribia, nikamwambia mwanangu wa darasa la tatu achote ajaze makopo, tuoteshe miche ya tungule.

Alipotia mkono tu akapiga ukelele. Tandu! Alilia mpaka magharibi, kidole kimevimba. Na miche yenyewe, baada ya wiki tatu, ilikuwa mifupi na majani ya manjano. Polo moja, hasara mbili.

Wazazi wengi wanayo mapolo ya namna hiyo. Je, yatupwe? Hapana. Mboji haiharibiki kama maziwa. Inachopoteza ni nguvu: mvua huchuja naitrojeni, chakula kinachoyapa majani ukijani. Kinachobaki bado hulainisha udongo na kushika maji. Wenzetu wa Makunduchi na Jambiani, ambako udongo ni haba juu ya mawe, wanaijua thamani yake.

Kabla ya kugusa

Mkubwa ndiye afungue polo, siyo mtoto. Ligonge kwa fimbo, kisha mwaga mboji juu ya turubai uitazame, maana tandu na nge hupenda pahala penye giza na unyevu. Kama polo limechakaa kwa jua, okota nyuzi zote za plastiki.

Inyunyizie maji kwanza isitimue vumbi, na ujifunge kitambaa puani au uvae barakoa. Nchini Australia na New Zealand mifuko ya mboji huandikwa onyo kuhusu vumbi hilo, kwa kuwa bakteria wa Legionella wanaoweza kuishi humo husababisha kichomi. Mwenye pumu akae mbali. Vaa viatu na glavu, kisha nawa kwa sabuni. Udongo na samadi huweza kubeba vijidudu vya pepopunda pia, kwa hiyo hakikisha mtoto amekamilisha chanjo zake, zikiwemo za wiki ya 6, 10 na 14.

Ijaribu kwa kunde

Inuse. Mboji nzuri hunuka kama ardhi iliyopata mvua. Ikinuka kama yai viza, imekosa hewa: itandaze kivulini siku kadhaa, ukiigeuza, mpaka harufu iishe.

Kisha jaza kopo lililotobolewa chini, panda kunde tano au sita, mwagilia, subiri wiki mbili. Zikiota zote na majani yakanyooka, itumie. Zikigoma, au majani yakijikunja, usiitie kwenye mboga. Huenda ina chumvi nyingi au mabaki ya dawa ya magugu.

Namna ya kuitumia

Usioteshe miche ndani ya mboji kuukuu peke yake; hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Changanya ndoo moja ya mboji na ndoo mbili za udongo, ongeza kopo dogo la samadi ya kuku iliyokwisha kuoza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Ikiwa mboji imekauka hata maji yanateleza juu yake, iloweke usiku kucha kwanza. Itakayobaki itandaze chini ya migomba au mpapai, usiisogeze kwenye shina.

Polo jipya lifunge mdomo, liinue juu ya matofali, liweke kivulini.

Siku hizi mwanangu ndiye mwenye fimbo ya kugongea polo, na mimi ndiye ninayefungua. Wiki iliyopita tulichuma mchicha wa kwanza kutoka polo lile lile. Alikula bila ya kulazimishwa.