Kufufua Pikipiki ya Zamani: Umakini Unahitajika Wakati wa Kuunganisha



Katika stoo za baadhi ya parokia ipo pikipiki ya zamani iliyofunikwa turubai, ikisubiri uamuzi wa kamati. Wajumbe wengine wanataka iuzwe kwa uzito wa chuma. Wengine wanasema ifufuliwe, ili imfikishe katekista au mhudumu wa afya kwenye vigango vya mbali. Sisi tunakubaliana na hawa wa pili, mradi fremu haijapinda na kasha la injini halijapasuka. Lakini kabla fedha hazijatolewa, tungependa kamati na wafadhili wafahamu jambo moja. Pikipiki ya namna hii ikiharibika muda mfupi baada ya matengenezo, chanzo mara nyingi kiko katika namna ilivyounganishwa. Kipande kimesahauliwa, kimegeuzwa, au kimekazwa kupita kiasi. Na mengi ya makosa hayo hayaonekani tena kifuniko kikishafungwa.

Tutatumia Honda CG125 kama mfano. Pikipiki hii ilianza kuuzwa katikati ya miaka ya 1970, ikiwa imebuniwa kwa ajili ya nchi ambako oili hubadilishwa kwa nadra na barabara ni za vumbi. Ndiyo sababu valvu zake husukumwa na vijiti viwili vya chuma, ambavyo mafundi huviita pushirodi, badala ya cheni ya ndani ya injini. Cheni ya gurudumu nayo, katika nyingi ya pikipiki hizo, ilifunikwa kwa kasha. Viwanda vya China viliiga sana injini hii, hivyo vipuri vingi vya namna yake bado vinapatikana madukani kwetu.

Kazi ya kuunganisha huanza wakati wa kufungua

Fundi anayefungua kwa haraka na kumwaga nati zote kwenye ndoo moja amekwisha kujitengenezea matatizo. Bolti za vifuniko vya injini zina unene mmoja lakini urefu tofauti. Ndefu ikiingizwa kwenye tundu fupi hugonga mwisho kabla haijabana, na fundi akizidi kukaza hupasua kasha la aluminiamu. Fupi ikiingizwa kwenye tundu refu hushika nyuzi chache tu, nazo hung'oka. Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Chukua kipande cha boksi, chora umbo la kifuniko, toboa matundu mahali palipo na bolti, kisha chomeka kila bolti mahali pake. Boksi hilo likae stoo mpaka siku ya kufunga.

Siku hizi simu nyingi zina kamera. Kamati imwombe fundi apige picha kila hatua kabla hajatoa kipande, hasa mahali zinapopita waya na kebo, na mpangilio wa washa na bushi kwenye ekseli. Washa tatu zikishachanganyika mezani, hakuna anayekumbuka ipi ilikuwa kushoto. Mipira midogo ya beringi ya usukani ihesabiwe inapotolewa, ya juu kando na ya chini kando, na idadi iandikwe. Tena, kipuri cha zamani kisitupwe kabla kipya hakijalinganishwa nacho. Hapa pana mtego kwa wenye CG125 za mwanzo: zilitumia umeme wa volti 6, na zilizofuata zikaja na volti 12. Balbu, koili na betri vinaweza kufanana kwa macho ya mnunuzi aliyetumwa mjini, kumbe havilingani.

Ndani ya injini

Pistoni ina herufi IN zilizochongwa kichwani, na upande huo hutazama kabureta. Ringi za pistoni zina alama upande mmoja, nayo hutazama juu. Mianya ya ringi isikae kwenye mstari mmoja, la sivyo mgandamizo utavuja na oili itaungua. Klipu zinazozuia pini ya pistoni ziwe mpya kila mara. Tena fundi azibe mdomo wa kasha la injini kwa kitambaa safi anapozivalisha, maana klipu ikirukia chini injini yote itafunguliwa upya.

Gia ya kranki na gia ya kemu zina alama ambazo sharti zikabiliane. Jino moja tu likipishana, injini itawaka kwa shida au haitawaka kabisa, na fundi asiyejua ataanza kuilaumu kabureta. Pushirodi nazo zikae kwenye vikombe vyake juu na chini kabla silinda hedi haijakazwa. Iliyokaa pembeni hupinda mara tu nati zinapobana.

Panapokosewa sana ni kwenye tapeti. Nafasi yake kwa CG125 ni milimita 0.08, ikipimwa kwa filageji injini ikiwa baridi. Fundi huzungusha injini mpaka alama ya T kwenye gurudumu la sumaku ilingane na alama ya kasha, ndipo apime. Tatizo ni kwamba kranki huzunguka mara mbili wakati kemu inazunguka mara moja. Kwa hiyo T hujitokeza mara mbili katika kila mzunguko kamili wa kazi, na ni mara moja tu ambapo valvu zote mbili zimefungwa. Akipima ile mara nyingine, nafasi itakuwa kubwa mno valvu zinapofungwa, tapeti zitagonga kwa kelele na injini itapungua nguvu. Namna ya kuhakikisha ni kushika roka mbili kwa vidole: zote mbili ziwe na mchezo mdogo. Kama moja imebana, azungushe injini mzunguko mmoja mzima kisha aangalie tena.

Gundi ya silikoni inapendwa mno na mafundi wetu. Sisi hatuipendi. Ikipakwa kwa wingi hubanwa kuelekea ndani, vipande vyake vikakatika na kuziba njia ya oili. Gasketi halisi, yenye unene uleule wa ya zamani, inatosha. Na kabla plagi haijafungwa, injini izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikikwama popote, isilazimishwe.

Magurudumu, breki na cheni

Injini iliyounganishwa vibaya humwacha msafiri njiani. Gurudumu lililounganishwa vibaya linaweza kumuua, na hapa ndipo tungependa kamati zisimame na kutazama kwa macho yao.

Ndani ya kitovu cha gurudumu, kati ya beringi mbili, kuna bomba fupi la chuma. Beringi za zamani zinapogongwa zitoke, bomba hilo hudondoka, na ni rahisi kulisahau chini ya meza. Bila bomba hilo, nati ya ekseli ikikazwa huzikandamiza beringi mbili kwa ubavu. Gurudumu huwa zito kuzunguka, au hulegea kila baada ya safari chache mpaka beringi zivunjike. Kwa hiyo nati ikishakazwa, gurudumu lizungushwe kwa mkono. Lizunguke kwa wepesi, bila kucheza kulia na kushoto.

Sahani ya breki ya mbele ina mfereji unaoingia kwenye kinundu cha foku. Ukikosa kuingia, pikipiki itasukumika vizuri tu karakanani. Lakini siku dereva atakapobana breki kwenye mteremko, sahani yote itazunguka pamoja na gurudumu, itavuta kebo, na gurudumu litajifunga. Gurudumu la nyuma lina chuma kirefu kinachoishika sahani isizunguke, chenye nati na kotapini, yaani ile pini ya kukunjwa inayozuia nati isitoke. Tumewahi kupokea pikipiki kutoka gereji moja, rangi yake inang'aa kama mpya, lakini mahali pa kotapini palikuwa na kipande cha waya wa kufungia uzio.

Kiungo cha cheni hufungwa kwa klipu yenye upande mmoja uliozibwa na mwingine ulio wazi. Upande uliozibwa hutangulia kule cheni inakokwenda, yaani kwenye sehemu ya juu ya cheni uelekee injini. Klipu ikigeuzwa, inaweza kugongwa na kitu ikachomoka, na cheni ikatoka au ikazonga gurudumu. Kwa kuwa CG125 nyingi zina kasha la cheni, mjumbe mmoja wa kamati aione klipu kabla kasha halijafungwa, au fundi aipige picha.

Usukani ugeuzwe kushoto mpaka mwisho, kisha kulia, injini ikinguruma taratibu. Mngurumo ukipanda wenyewe, kebo ya mafuta imepitishwa mahali pasipofaa na inavutwa.

Kuhusu bajeti

Tunawaomba wafadhili wetu jambo hili kwa heshima. Bajeti za namna hii zinapopitiwa, mstari wa kwanza kukatwa huwa ule ulioandikwa vifaa vidogo vidogo. Ndani ya mstari huo ndimo zimo kotapini, klipu, gasketi, oringi na washa za kubana, vitu ambavyo bei yake yote pamoja haifikii ya tairi moja. Ukikatwa, fundi hatakataa kazi. Atarudisha klipu ya zamani iliyolegea na kukata gasketi kutoka kwenye karatasi ya boksi. Kamati nazo zisimwekee fundi tarehe ya sherehe ya kukabidhi pikipiki kabla injini haijafungwa, kwani haraka hiyo ndiyo humfanya aruke hatua ya kupima.

Kabla ya kulipa awamu ya mwisho

Tunashauri sehemu ya malipo ibaki mpaka pikipiki iwe imetembea. Fundi alete vipuri vya zamani vyote vilivyobadilishwa, pamoja na bolti au washa yoyote iliyobaki. Iliyobaki ina mahali pake, naye aeleze ni wapi. Safari za kwanza ziwe fupi, bila abiria wala mzigo. Kila jioni nati za ekseli, kotapini na spoki ziguswe.

Baada ya takriban kilomita 500 oili ya kwanza imwagwe ikiwa bado moto, kwenye chombo safi, na itazamwe juani. Unga mwembamba wa kung'aa ni wa kawaida kwa ringi mpya. Vipande vinavyoshikika kwa vidole si vya kawaida, na injini isiwashwe tena mpaka fundi afungue. Oili ikiwa safi, tapeti zipimwe upya, nati za silinda hedi ziangaliwe, kisha salio la fundi lilipwe na vipuri vya zamani viondolewe stoo.