Motokari inakataa kuwaka: tuulize ufunguo kwanza

Hapa Bunia motokari ya familia au ya kikundi si mapambo. Inabeba magunia ya maharagi kutoka soko, inapeleka watoto kwenye masomo siku ya mvua kubwa, na mama akishikwa na uchungu saa nane ya usiku, ndiyo inamfikisha hospitali. Ikikataa kuwaka saa ile, wote tunasema: batri imekufa. Lakini mara nyingine batri ni nzima na injini ni nzima. Kilichokataa ni ufunguo.

Ufunguo wa zamani ulikuwa chuma tu. Wizi wa motokari ulipozidi, viwanda viliongeza kizuizi cha injini, yaani antidemaraji. Tangu mwaka 1998 Umoja wa Ulaya unataka kila motokari mpya ya abiria iwe nacho. Ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo kuna chipu ndogo yenye namba ya siri. Tukiingiza ufunguo kwenye kontakti, pete ya waya inayozunguka tundu inaisoma namba ile, na kompyuta ya motokari inaikubali au inaikataa. Ni kama mlinzi wa lango: asipokutambua, huingii, hata kama umevaa vizuri.

Chipu hiyo haitumii batri. Kile kibatri kidogo cha mviringo ndani ya ufunguo ni cha vifungo vya kufungua milango kwa mbali. Kwa hiyo kwenye ufunguo wa kuingiza, kibatri kikiisha milango itakataa vifungo, lakini injini inapaswa kuwaka. Kwa motokari za kubonyeza kifungo, tusogeze ufunguo hadi uguse kifungo cha kuwashia, kisha tubonyeze, nyingi zitautambua.

Tutajuaje shida iko wapi? Taa za mbele ya shofere zikififia na demarere ikilia kwa uchovu, tushuku batri kubwa. Lakini demarere ikizungusha injini kwa nguvu, injini isishike au ishike na kuzima mara moja, na taa ndogo yenye picha ya ufunguo au kufuli iendelee kuwaka au kumetameta, tushuku kizuizi. Motokari nyingine huzuia hata demarere, kwa hiyo taa ile ndiyo ya kuangalia kwanza.

Kabla ya kuita fundi, tufanye haya:

1. Tuzime kontakti, tutoe ufunguo, tungoje dakika chache, kisha tujaribu tena.
2. Tuutoe kwenye mnyororo wenye funguo nyingine. Chipu nyingine au chuma karibu vinaweza kuvuruga usomaji.
3. Tuangalie kama kichwa cha plastiki kimepasuka, kimelowa, au chipu imeanguka.
4. Tujaribu ufunguo wa pili. Ukiwasha, ule wa kwanza ndio mgonjwa. Zote mbili zikikataa, huenda shida iko kwenye pete, kompyuta, waya au batri kubwa.

Fundi akifika, tumwombe asome makosa kwa mashine ya kupimia kabla hatujanunua kitu. Pesa ya likelemba imetoka jasho la wamama wengi. Isiende kununua demarere mpya wakati chipu ndiyo imekufa.

Jambo kubwa kuliko yote ni kutengeneza ufunguo wa pili wakati wa kwanza bado unafanya kazi. Fundi mwenye vifaa hufundisha motokari kuutambua ufunguo mpya, na kwa motokari nyingi hiyo ni rahisi zaidi kama kuna mmoja mzima. Zote zikipotea, mara nyingi lazima aingie ndani ya kompyuta yenyewe, na bei inapanda. Mkata funguo wa kawaida anakata chuma tu: mlango utafunguka, injini itakataa. Lakini si kila motokari ya zamani kutoka Japani ina kizuizi. Kama yetu haina, chuma kilichokatwa vizuri kinatosha.

Tukinunua motokari iliyotumika, tudai funguo mbili na tuwashe injini kwa kila mmoja kabla ya kulipa. Tumwombe fundi pia aangalie motokari inatambua funguo ngapi. Ikitambua tatu na sisi tuna mbili, huenda kuna mtu mwingine ana wa tatu. Ufunguo ukivunjika, tusitupe kichwa cha plastiki, chipu iko mle.

Na tuwalinde watoto. Kibatri cha ufunguo kikimezwa na kukwama kooni, kinaweza kuunguza nyama ya ndani kwa saa mbili tu. Tusimtapishe mtoto, tusingoje aanze kulia. Twende hospitali papo hapo, na tuseme wazi alichomeza.

Kwenye mkutano wa juma hili, kila kikundi chenye motokari kijiulize: tuna funguo ngapi, na wa pili uko kwa nani? Wa kwanza ukae na shofere. Wa pili ukae kwa mama anayeishi karibu, anayepatikana usiku, na majirani wajue ni nani. Usiachwe ndani ya motokari.